Lita Tano Bila Kupunguza

Sokoni walimwita Mwisho-Ngapi, na jina hilo hakuliokota; alilitolea jasho. Kitu chochote ukimtajia bei yake, akitake asikitake, alikuuliza, "Mwisho ngapi?" Aliwahi kumuuliza hivyo daktari wa meno huku kinywa kimejaa pamba. Siku ya kumzika mumewe alimuuliza mchimba kaburi, na mchimba kaburi akapunguza. Alianzia chini kabisa, akitembeza mikanda ya viatu begani, jua la utosi, na waliomcheka wakati ule sasa ndio waliokuwa wa kwanza kumwamkia.

Alikuwa na kibanda cha mabati, kufuli mbili mlangoni, na ndani yake viatu vichache na mabegi mengi ya mtumba. Hasa yale makubwa ya mgongoni, yenye mkanda wa kiunoni na mifuko ya chupa ubavuni, ambayo vijana wa kupenda safari za miguu huyagombania. Walikuja kuyanunua wakiwa na sauti kubwa, wanakwenda kuvuka uwanda mkavu ulioko nyuma ya mji, siku tatu hadi mji wa pili. Wengi wao walirudi mapema na begi mkononi, wanataka kulirudisha. Mwisho-Ngapi alilinunua tena kwa bei ya huruma, huruma yenyewe ikiwa ya kwake, kisha akauliza swali moja.

"Kilichowarudisha nini?"

"Maji, mama."

Kila mara jibu lilikuwa hilo. Hakuna aliyerudishwa na simba wala na miguu. Akilisikia jibu hilo, alilitundika begi kwenye msumari na kusubiri mwenye sauti kubwa mwingine.

Basi siku moja aliteleza kwenye sakafu yenye maji ya samaki, akaangukia goti. Halikuvunjika, lakini lilivimba, na kwa muda alikuwa akikaa kwenye kigoda badala ya kusimama. Habari zikafika nyumbani kwa mwanawe mkubwa, karani wa kampuni ya bima. Kazi ya kijana huyo ilikuwa kufikiria mabaya yanayoweza kumpata mtu, na aliifanya vizuri mno, hata siku za mapumziko. Akamwalika mama yake nyumbani. Chai ilipomiminwa, akaisimamisha simu juu ya meza, imeegemea kopo la sukari, na ndani ya simu alikuwamo dada yake anayeishi mbali.

"Mama, tumeshauriana," alisema mwana.

"Mmeshauriana na nani? Mimi mbona sikuwapo?"

"Mimi na dada. Tunaona sasa upumzike. Kibanda kuna mtu anataka kukipanga, auze chaja za simu. Wewe utahamia hapa. Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi."

"Umepaka rangi kabla ya kuniuliza?"

"Shikamoo mama," dada mtu alisema kutoka kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuingia pasipo kuonekana.

"Marahaba. Na wewe ulichagua rangi?"

Kwenye simu ikaonekana dari tu.

"Mama, sikiliza," mwana alisema. "Goti hilo leo limevimba, kesho litavunjika. Kule sokoni pana mikokoteni, pana utelezi, pana wezi. Umeshatufanyia kazi ya kutosha. Unauza mabegi ya safari, sawa, lakini safari yako mwenyewe imekwisha."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtoto aliyekwisha kuzika baba. Lakini neno likishatoka halirudi, na lile lilimwingia mama yake kama mwiba chini ya kucha. Mwisho-Ngapi akaweka kikombe chini.

"Imekwisha? Haya. Nitatungua begi moja pale kibandani, nilijaze, nilibebe, nivuke uwanda kwa miguu yangu hadi mji wa pili. Nikifika, kibanda ni changu mpaka nichoke mwenyewe, na asinikalishe mtu tena mbele ya kopo la sukari. Nisipofika, nakuja kukaa kwenye chumba chako cha nyuma, na hutasikia neno langu."

Mwana akatabasamu. Alimjua mama yake: siku zote anaanzia juu. Sasa amesema kuvuka uwanda. Kesho atasema nusu ya uwanda. Mwisho watakubaliana atembee hadi nyumba ya jirani na kurudi. "Nimekubali," alisema. Dada mtu, aliyekuwa mjanja kidogo kuliko kaka yake, aliguna.

Mwisho-Ngapi hakutaka kwenda peke yake, kwa sababu mtu wa peke yake hana shahidi. Wa kwanza kumfuata alikuwa wifi yake, mdogo wa marehemu, anayeuza madumu na ndoo mstari wa pili wa soko.

"Uwanda? Wewe na goti lako?" wifi alicheka hadi ndoo zikatikisika. "Nakuja. Ukifia huko, nani atakayewaeleza watu vizuri ilivyokuwa?"

Wa pili alikuwa Fundi Zipu, mwembamba kama sindano yake, aliyekaa na cherehani ubavuni mwa kibanda akirekebisha mabegi mabovu. Yeye alisema maneno machache tu. "Nimeshona zipu za watu waliokwenda kila mahali, mama. Mimi sijafika popote."

Wakaanza kupanga. Nyuma ya kibanda palikuwa na mizani ya ndoano, ile ya kupimia marobota. Mwisho-Ngapi akatundika begi tupu, akaanza kutia vitu kimoja kimoja huku akisoma mshale. Nguo kidogo, turubai jepesi, sufuria moja, karanga, mkate mkavu, mayai ya kuchemsha, sukari. Mshale ulisogea kwa adabu. Kisha akatia dumu dogo la lita tano lililojaa, na mshale ukaruka kama umefinywa.

"Mwaona?" alisema. "Chakula si mzigo. Mzigo ni maji. Jua la kule mtu hunywa, hupika, hunywa tena. Lita tano kila mtu kwa kutwa moja. Tukibeba ya siku zote tatu, goti langu litabaki njiani na mimi nitaendelea bila hilo. Kwa hiyo tunakunywa tulichobeba, tunajaza kisimani, tunabeba tena. Visima viko viwili. Cha kwanza tunakilalia usiku wa kwanza, cha pili usiku wa pili. Kila mtu lita tano. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walisema wote wawili, haraka kidogo.

Habari za visima alizitafuta kwa Mzee wa Punda. Huyu alikuwa mfugaji wa ukingoni mwa uwanda, aliyekuja mjini kila siku ya mnada wa mifugo na asingeondoka bila kupita kibandani kutafuta viatu. Kila mara walishindania jozi moja mpaka jua likageuka. Siku hiyo Mwisho-Ngapi alimkaribisha kigoda kabla hajashika kiatu, na mzee akajua kuna jambo.

"Kisima cha kwanza kipo," alisema. "Kina pampu ya mkono, maji yake mazito kidogo lakini ni maji. Cha pili kimekufa."

"Kimekufa lini?"

"Tangu mvua zilipokosea njia. Mkitaka kupita huko, punda wangu watangulie na madumu ya maji, niwafukieni pale. Kukodi punda si ghali, tajiri."

Hapo Mwisho-Ngapi alicheka kicheko chake cha sokoni, kile anachomchekea mtu anayesema shati hili limevaliwa mara moja tu. "Mzee wangu! Kisima kimekufa siku ileile punda wako wamekosa kazi? Basi na mimi hivi viatu mwenyewe alikuwa mfalme."

Mzee hakucheka. Aliweka kiatu chini, akavaa kofia yake. "Mimi nimekwisha kusema, tajiri," akaondoka miguu mitupu kama alivyokuja.

Mwisho-Ngapi aliona amemshinda. Mtu anayekuuzia dawa ndiye anayekuambia unaumwa. Hilo alilijua tangu siku za mikanda ya viatu. Kisima cha pili kikabaki kwenye mpango wake, kina maji.

Kabla ya safari yenyewe akataka jaribio. Watatoka sokoni asubuhi, wapite machimbo ya kokoto, wazunguke kilima chenye mnara wa simu, warudi kabla ya magharibi, kila mtu na begi lake kamili na maji yake kamili, bila kuomba tone popote. Watu wa soko waliwapigia miluzi walipokuwa wakitoka. Muuza nyanya alisema wakifika mnarani wampigie simu Mungu, mtandao uko karibu. Mwisho-Ngapi hakugeuka. Goti alikuwa amelifunga kwa utepe mpana alioukata kwenye begi bovu, na liliuma kwa namna ya mtu anayelalamika huku anafanya kazi.

Nyuma ya kilima hapakuwa na mti wa kukaa chini yake. Jua lilipokuwa bado linapanda, wifi akasimama.

"Wifi, hebu nigawie maji kidogo."

"Ya kwako?"

"Yamekwisha."

"Lita tano zimekwisha hata adhuhuri haijafika?"

Wifi akamtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

"Mlibeba ngapi?" Mwisho-Ngapi aliuliza, polepole.

"Tatu," wifi alisema. Akatoa chupa tupu kwenye mfuko wa ubavuni, akaitikisa kana kwamba ni kosa la chupa. "Na usinitolee macho, kwa sababu kosa si langu. Wewe ukisema tano, mtu mwenye akili anabeba tatu. Tangu nimekujua, lini umesema tano ukawa na maana ya tano?"

"Fundi?"

"Mama, nisamehe. Juzi uliniambia nishone zipu kumi kabla ya saa sita. Nikashona sita, ukaniambia umefanya vizuri."

"Kwa hiyo ningetaka mbebe tano, ningesema ngapi?"

"Nane!" walijibu kwa pamoja, na kwa sauti ya watu walioulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Aliwagawia yake. Yalikwisha kabla hawajarudi kwenye machimbo. Wifi akaanza kuona nyota za mchana, akakaa chini katikati ya njia na kusema hapa ndipo alipokuwa anapatafuta siku zote. Ikabidi wasimamishe lori la kokoto. Wakaingia sokoni wamekaa juu ya mawe, weupe kwa vumbi kama watu waliopakwa unga, na muuza nyanya alikuwa wa kwanza kuwaona, na mdomo wake haukuwa na kufuli.

Jioni ileile mwana alikuwa mbele ya kibanda, tai imelegea shingoni.

"Mama, pole. Lakini sasa yamekwisha, si ndiyo? Umejaribu. Wote tumeona umejaribu."

"Nimejaribu nini? Mazoezi si mechi."

"Mmerudi juu ya lori!"

"Na ningerudi juu ya punda ungesema nini? Nenda nyumbani, mwanangu, mkeo amepika."

"Basi tufanye nusu. Nenda hadi kisima cha kwanza, ulale, urudi. Nitahesabu umevuka."

Nusu. Mwisho-Ngapi alimtazama mwanawe na kwa mara ya kwanza akaona kitu kilichokuwa mbele yake miaka yote. Huyu hakuamini kwamba anakwenda. Alikuwa akisubiri ashuke. Wifi amepunguza, fundi amepunguza, na mtoto aliyemzaa mwenyewe anapunguza kiapo chake kama fungu la mchicha. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akimsikia akisema jambo. Walisikia bei ya kuanzia. Na aliyewafundisha ni nani, kama si yeye?

Hakulia, hakuwa mtu wa kulia kwa jambo linaloweza kurekebishwa. Aliketi kwenye kigoda akalikunja na kulikunjua goti, akifikiri kibiashara. Kama neno lake limeshuka thamani kiasi hicho, ni neno la nani mwingine amelishusha yeye? Jibu lilikuja na kofia ya Mzee wa Punda kichwani.

Siku ya mnada alikwenda kwenye zizi la mifugo. Hakumwendea mzee moja kwa moja. Alizunguka uzio kwanza, kwa sababu mwenye kusema anaweza kudanganya lakini bidhaa hushindwa. Akawaona ng'ombe wa Mzee wa Punda wamefungwa pembeni. Mbavu zilihesabika. Na katikati yao walikuwamo mitamba, wachanga, ambao hawajazaa hata mara moja, wamewekwa kuuzwa kwa mchinjaji.

Alisimama hapo kitambo. Mfugaji anauza mafahali, anauza wazee, anauza wagonjwa. Mitamba hauzi. Mtamba ni kesho yake. Mtu anayeuza mitamba hana maji. Na mitamba hawa, mtu wa mnada alimwambia alipomuuliza, mzee alikuwa akiwaleta hapa tangu wiki ile waliposhindania viatu. Angetembea hatua chache tu siku ile angeuona ukweli umefungwa kamba.

"Tajiri," alisema mzee nyuma yake. "Umekuja kucheka tena?"

"Shikamoo mzee. Kisima cha pili."

"Kimekufa."

"Haya," alisema Mwisho-Ngapi.

Mzee alisubiri. Alizoea kwamba baada ya neno huja neno lingine. Halikuja, akashangaa, akavua kofia akajikuna. "Huulizi kimekufa kiasi gani?"

"Kilichokufa hakina kiasi. Nataka punda wako watangulie wakanifukie maji. Na sasa tuongee habari za punda, maana hapo sijakubali kitu."

Wakaongea habari za punda. Kwenye maji hakupunguza, lakini kwenye punda alimpunguza mzee mpaka akaita majirani zake waje washuhudie anavyodhulumiwa, na hatimaye Mwisho-Ngapi akaongeza viatu jozi moja, ile ile ya ugomvi, na wote wawili wakaenda nyumbani wameridhika.

Baada ya hapo mpango ulianza upya. Wifi alitoa madumu madogo yaliyowahi kubeba maji tu, si mafuta wala sabuni. Kila dumu lilijazwa, likapinduliwa juu ya boksi kavu, likaachwa kutwa. Lililotia doa boksi lilirudi kuuzwa kwa mtu mwingine. Walihitaji madumu matatu ya kufukiwa pale kisima cha pili, moja kwa kila mtu. Mwisho-Ngapi akawapa punda manne.

"Umesema matatu," wifi alisema, na jicho lake likawa kali. "Umeanza tena?"

"Matatu ni yetu. La nne ni fungu la njia, lolote likitokea huko. Wifi, nimekuwa mjinga maisha yangu yote: nyongeza nilikuwa naitia kwenye maneno. Nyongeza hutiwa kwenye dumu. Maneno yanabaki kama yalivyo."

"Sasa nitajuaje ukisema tano ni tano?"

"Hutasikia neno. Utaangalia mshale."

Ikawa hivyo. Asubuhi ya safari, kabla hapajapambazuka vizuri, kila begi lilitundikwa kwenye ndoano mbele ya wenzake wawili. Fundi alipotaka kueleza kwamba lake ni zito kwa sababu ya sindano na nyuzi, Mwisho-Ngapi alimwonyesha mshale kwa kidole, basi. Lake mwenyewe lilitundikwa la mwisho, na wifi alilichungulia kwa furaha ya miaka mingi, akitafuta kosa. Hakulipata.

Siku ya kwanza walitembea asubuhi, wakajibanza mchana kwenye kivuli cha mwamba chini ya turubai, wakatembea tena jua lilipolainika. Goti lililalamika, likajibiwa kwa kimya. Pampu ya kisima cha kwanza ilipiga kelele kama mbuzi, ikatoa maji mazito yenye ladha ya msumari, wakayachuja kwa kitambaa, wakachemsha, wakajaza. Wifi alisema ameshaonja chai mbaya kuliko hiyo kwenye harusi.

Siku ya pili uwanda ulionyesha meno. Ardhi ilikuwa nyeupe, na upepo uliovuma ulikuwa kama wa mlango wa tanuri. Mwisho-Ngapi aliweka utaratibu: tunakunywa tukisimama, hatunywi tukitembea, na anayetaka kunywa kabla ya kituo aseme wazi, wote wasikie. Fundi alisema mara mbili. Wifi hakusema hata mara moja, kwa ubishi tu. Jioni wakafika kwenye kisima cha pili.

Kilikuwa shimo lenye tope lililokauka likapasukapasuka kama kisigino. Kando palikuwa na mifupa ya mnyama fulani, na chini kabisa ndoo ya bati imelala kiubavu. Wifi alichungulia, akarudi nyuma, akamtazama Mwisho-Ngapi bila mzaha wowote.

"Tungefika hapa na lita zetu tatu..." alisema.

Walilitafuta rundo la mawe waliloelekezwa na mzee, wakafukua. Dumu la kwanza zima. La pili zima. La tatu lilikuwa limeng'olewa, limetafunwa pembe yote, kavu kama ngozi. Alama za meno ya fisi zilikuwa wazi.

"Mungu wangu," fundi alisema, akakaa chini.

Mahali pale palikuwa na mwinuko, na juu ya mwinuko simu ya wifi ikaamka na kuanza kulia. Alikuwa mwana. Wifi, ambaye hajawahi kumficha mtu habari, alimwambia mara moja: kisima kikavu, dumu limeliwa na fisi.

"Mpe mama!" sauti ilisikika mpaka kwa fundi. "Mama! Maji yamekwisha! Barabara ya lami iko upande wa kushoto, nakuja na gari sasa hivi. Teremkeni!"

"Umeambiwa maji yamekwisha?"

"Dumu limeliwa!"

"Lililoliwa ni la fisi. Nilimpangia." Alikuwa akisema huku akimwonyesha fundi kwa mguu mahali pa kuchimba, upande wa pili wa mawe. Fundi akachimba kwa mikono. La nne likatokea, zima, limelala mchangani kama mtoto aliyefunikwa vizuri.

"Mama, nakusihi. Usiku huu, hapo, na goti..." Sauti ya mwana ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena sauti ya karani. "Kama ni kibanda, chukua. Nimekubali. Teremka tu."

Wifi alipumua kwa nguvu. Hata fundi alinyanyua uso. Kibanda kilikuwa hapo, kimetolewa, bila hatua moja zaidi, na barabara ya lami ilikuwa karibu kuliko mji wa pili. Mfanyabiashara yeyote angefunga dili hapo na kupangusa mikono.

"Hapana," alisema Mwisho-Ngapi. "Ukinipa kwa huruma, siku nitakayopiga chafya utakichukua kwa huruma. Nilisema mji wa pili. Kesho tutatembea kutwa nzima, lita tano kila mtu, na jioni uwe kwenye kituo cha mafuta cha kuingilia mjini. Nimesema nini?"

"Mji wa pili," mwana alisema.

"Ngapi kila mtu?"

"Tano."

"Usiku mwema, baba. Salimia mkeo."

Siku ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote, na hakuna haja ya kuipamba. Goti lilikataa kukunjika. Akalitembeza limenyooka, akichora nusu duara kila hatua. Wifi alilia kidogo bila machozi, kwa sababu machozi nayo ni maji. Fundi, ambaye hajafika popote, ndiye aliyeona mapaa ya mabati yakimetameta kwanza, akapiga ukelele mpaka sauti ikakauka.

Kwenye kituo cha mafuta mwana alikuwa amesimama kando ya gari, chupa ya maji baridi mkononi, macho mekundu. Akamkimbilia mama yake. Yeye akamsimamisha kwa kiganja.

"Kwanza sema."

"Mama, kunywa kwanza!"

"Maji ninayo." Akalitikisa dumu, na kweli, chini palisikika mlio wa maji. "Sema."

"Kibanda ni chako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapochoka mwenyewe. Lakini siku za jua kali..."

"Hiyo 'lakini' umeitoa wapi? Kwenye makubaliano yetu haikuwamo."

"Kaka, sema tu!" Ilikuwa dada mtu, kwenye simu, ndani ya mfuko wa shati la mwana, kumbe alikuwamo muda wote.

Mwana akaanza upya. "Kibanda ni chako mpaka utakapochoka mwenyewe. Nukta."

Mwisho-Ngapi akaitikia kwa kichwa. Akapokea chupa, akawapa wenzake kwanza, akanywa mwisho, taratibu, akiwa amesimama. Wifi alikuwa ameshajitupa kiti cha nyuma na kuanza kukoroma, viatu nje ya mlango. Mwana akamshika mama yake mkono, akamketisha mbele, akamfungia mkanda kama mtu anayebeba yai.

"Sasa nyumbani," alisema. "Ulale siku mbili."

"Sokoni," alisema Mwisho-Ngapi. "Washa gari. Nimefunga kibanda siku tatu, wateja watadhani nimekufa."